Miti Miwili Iliyoondolewa Berlin

Mwaka jana mtoto mmoja wa kikundi changu alianguka kutoka kwenye miti yetu miwili, akavunjika mkono. Ni miti ya mikaratusi, tuliisimamisha sambamba nyuma ya kituo cha vijana, inanifika kifuani. Alikuwa anajaribu kusimama kwa mikono juu yake. Wiki iliyofuata akaja mtu wa ofisi fulani na karatasi: ng'oeni, mchezo huu ni hatari. Sikubishana. Mama wa mtoto nilimkuta mlangoni pa zahanati, hakunisalimia.

Nikabaki najiuliza: hatari ni miti, au ni mimi? Nikaanza kusoma kwenye simu, usiku, mtandao ukiwa na nguvu kidogo. Kumbe ugomvi huu una miaka zaidi ya 160.

Miti sambamba tunaikuta kwa Friedrich Ludwig Jahn, mwalimu Mjerumani aliyefungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, Berlin, mwaka 1811. (Jahn mwenyewe hakuwapenda wageni, sisi asingetukaribisha.) Alitaka vijana wawe tayari kupigana na Napoleon. Napoleon aliposhindwa, watawala wakaanza kuwaogopa vijana haohao. Jahn alikamatwa 1819, na mwaka 1820 viwanja vikapigwa marufuku Prusia mpaka 1842. Mapinduzi ya 1848 nayo yalipozimwa, wanamichezo wengi wakakimbilia Marekani, wakaanzisha vyama vyao upya huko. Wakimbizi, yaani.

Lakini kisa kilichonigusa ni cha miaka ya 1860. Hugo Rothstein, afisa wa jeshi, alikuwa mkuu wa chuo cha walimu wa mazoezi Berlin. Alipenda mtindo wa Uswidi, ule wa mazoezi ya taratibu, kiungo kwa kiungo. Aliamini miti sambamba inaumiza mwili, akaiondoa. Tusimwonee: alikuwa amesoma, alisafiri hadi Stockholm kujifunza. Hata yule mtu wa karatasi hakuwa mbaya, alikuwa amemwona mtoto na plasta mkononi.

Waliompinga Rothstein walikuja na hoja. Emil du Bois-Reymond, mwanasayansi wa mishipa ya fahamu, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa mazoezi, aliandika kuitetea miti. Mwaka 1862 madaktari wa serikali, Rudolf Virchow akiwa mmoja wao, nao wakawa upande wa miti. Mwaka uliofuata Rothstein akaacha kazi.

Du Bois-Reymond huyo, katika hotuba ya 1881, alisema zoezi halifunzi misuli peke yake, linafunza mishipa ya fahamu. Hapo ndo nilijiona. Mi nilikuwa napiga kelele, "Kaza mikono!", nahesabu sekunde. Kumbe anayesimama kwa mikono anasikiliza viganja. Miguu ikizidi kwenda upande wa mgongo, anakandamiza vidole kwenye mti. Ikianza kurudi upande wa tumbo, anaegemea kitako cha kiganja na kusukuma mabega juu. Anasahihisha hivyo kila wakati, kidogo kidogo, kama mama aliyebeba dumu la maji kichwani: wewe unaona shingo imetulia, kumbe inafanya kazi muda wote.

Na kuna kosa kubwa kuliko hilo. Sikumfundisha kushuka. Miguu ilipopitiliza hakujua aachie mkono gani, akang'ang'ania mpaka akaangukia kiwiko.

Sasa seremala jirani yetu ametuchongea vishikio vya mbao, shubiri moja tu kutoka chini. Tunaanza na kushuka: mkono mmoja unaachia, mwili unageuka, miguu inatua pembeni. Mara 20 kabla hujaruhusiwa kusimama hata mara moja. Watoto wanalalamika kweli.

Ile miti mirefu imelala nyuma ya kituo. Nimewaandikia watu wa ofisi. Sikuomba ruhusa ya kuisimamisha, niliomba tu waje Alhamisi moja watuangalie. Bado hawajajibu.

Mtoto amerudi, mkono umepona. Wiki iliyopita mama yake alikuja naye. Alikaa kwenye jiwe pale pembeni, akaangalia kila mtoto anavyoshuka, tulipomaliza akamwita mwanawe wakaondoka.