Mji wa Miti ndani ya Vitabu vya Mawe: Uandishi juu ya Majengo ya Kale ya Pwani

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji huo kwa uzuri wake, kisha akaeleza kuwa ulijengwa kwa miti na kuezekwa kwa matete. Kauli hiyo si rahisi kuilinganisha na kinachoonekana Kilwa Kisiwani leo. Msikiti mkuu ulikuwa tayari wa mawe alipowasili, na Husuni Kubwa, kasri lililo ukingoni mwa jabali linalotazama bahari, linahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwenyeji wake mwenyewe. Msafiri aliona miti. Sisi tunaona mawe. Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo imeathiri uandishi wa karne ya 20 kuhusu majengo ya kale ya pwani kuliko inavyokubalika kwa kawaida, na kwamba sehemu ya ushahidi wa kuirekebisha imo katika lugha na ushairi wa Kiswahili.

Vitabu vilivyoweka msingi wa taaluma hii vilihusu mawe. James Kirkman alianza kuchimbua Gede mwaka 1948, na kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu msikiti mkuu wa huko kiliuita mji huo wa Kiarabu katika jina lake lenyewe. Mwaka 1966 Peter Garlake alichapisha uchunguzi wake wa usanifu wa awali wa Kiislamu katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 zikafuata juzuu mbili za Neville Chittick juu ya Kilwa. Haifai kuvidharau vitabu hivi. Garlake alipima na kuchora kwa uangalifu ambao mtafiti wa leo bado anautegemea. Chittick naye hakuikubali tarihi ya Kilwa kijuujuu: kwa kutumia sarafu na vigae aliusogeza mwanzo wa nasaba ya Kishirazi mbele hadi mwishoni mwa karne ya 12, ilhali masimulizi yaliufanya kuwa wa kale zaidi.

Hata hivyo, anayechagua jiwe kuwa shahidi wake mkuu huwa amekwisha kuchagua sehemu ya jibu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hudumu, nao huonyesha matao, mihrabu na maandishi ambayo mifano yake inaweza kutafutwa ng’ambo. Nyumba ya fito, udongo na makuti huoza, na mabaki yake hayaonekani ila na mchimbaji anayeyatafuta. Kwa hiyo swali la nani aliujenga mji likageuka, pasipo kutangazwa, kuwa swali la nani aliyaleta mawe; na jibu likawa rahisi kulitafuta Arabuni au Uajemi.

Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulioanza mwaka 1980 na kuchapishwa kitabuni mwaka 1996, ulilibadilisha swali hilo. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mfululizo wa misikiti iliyotangulia, na ya awali kabisa, ya karne ya 8, ilijengwa kwa miti na udongo. Baadaye vikaja vipande vya matumbawe laini vilivyokatwa baharini yakiwa bado hai. Mahali pale pale pa ibada, jamii ile ile ilibadilisha vifaa vya ujenzi hatua kwa hatua. Mawe hayakuuanzisha mji; yalikuja baada ya mji kuwapo. Kauli ya Ibn Battuta, ikisomwa baada ya Shanga, haionekani tena kuwa ya ajabu sana. Na hata nyumba ya mawe haikuachana na miti: upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kitabu cha Usam Ghaidan juu ya mji wa Lamu (1975) na maandishi ya James de Vere Allen kuhusu nyumba ya Mswahili vina sifa moja ambayo vitabu vya awali havina: viliandikwa kuhusu nyumba ambazo bado zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na majina ya kila sehemu. Mgeni huishia dakani. Kutoka kiwanda, yaani ua, mtu hupita msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na mwisho nyumba ya kati. Katika ramani sehemu hizi ni mistatili inayofuatana, na mchoraji angeweza kuzipa namba tu. Majina yanaeleza zaidi ya namba. Nyumba ya kati ndimo wanawake walimojifungulia na maiti walimooshewa. Haikuwa ghala wala chumba cha ziada, ingawa ukubwa wake ungeweza kumpotosha mchimbaji anayeikuta tupu.

Maana hiyo ikifahamika, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir husomeka upya. Utenzi huu unaomboleza majumba ya Pate, na Allen mwenyewe aliutafsiri kwa Kiingereza mwaka 1977, baada ya toleo la William Hichens la 1939. Mshairi anapotaja wadudu waliohamia katika nyumba kati na kwenye msana, hasemi tu kwamba vyumba vimeachwa. Anataja pale ukoo ulipozalia na kuagia watu wake. Msomaji anayekutana na “chumba cha ndani” katika tafsiri hupata ukiwa, lakini ukoo humpotea. Ni kweli kwamba utenzi ni mawaidha, si orodha ya mali ya marehemu, na sitaki tuutumie kuhesabu milango. Lakini msamiati wake wa nyumba ni mahususi mno kuweza kuwa pambo tu.

Wala lugha si shahidi asiyekosea. Husuni ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya ngome, ilhali jengo la Kilwa, kwa nyua zake na birika lake la pembe nane, lilikuwa makazi ya fahari. Jina hilo linatueleza zaidi kuhusu waliolikuta gofu kuliko kuhusu waliolijenga.

Vitabu vyote nilivyovijadili viliandikwa kwa Kiingereza, navyo huyaita mabaki kwa neno linalolingana na letu la magofu. Kiswahili kina pia mahame, linalotokana na kuhama. Gofu ni ganda la jengo. Hame ni mahali palipokuwa na watu wakaondoka. Nyumba za udongo na makuti za Gede na Kilwa hazikuacha magofu ya kupimwa, lakini ziliacha mahame, na ramani zilizochapishwa huyaonyesha kama nafasi tupu kati ya kuta.