Ghaibu na Utabiri katika Ukamba

Masimulizi ya Wakamba yamtaja Syokimau, aliyetabiri kuja kwa nyoka mrefu atemaye moshi. Reli ilipopita Kibwezi na Makindu, katika Makueni ya leo, na kufika Nairobi mwaka 1899, utabiri ulihesabiwa kuwa umetimia. Kikamba humwita mtu wa namna hiyo mwathani. Kiswahili, kilichofika Kitui na misafara ya biashara katika karne ya 19, mara nyingi humwita nabii. Hapo pana mgongano. Katika itikadi ya Kiislamu, ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu, naye humfunulia Mtume amridhiaye. Muujiza ni wa mitume, karama ni ya mawalii. Mwislamu wa Kitui hawezi kumpa Syokimau cheo hicho. Yafaa basi mfasiri aliache neno mwathani lilivyo, alifafanue.