Safu ya Lugha: Mlatino si Mhispania
Uchaguzi wa Marekani ukikaribia, baadhi ya waandishi wetu huandika "kura za Wahispania". Sivyo. Mhispania ni mtu wa Hispania, wa Madrid au Sevilla. Wanaobembelezwa na wagombea kule Arizona na Nevada ni Walatino, neno lililofupishwa kutoka latinoamericano la Kihispania: watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Hata Mbrazili, msemaji wa Kireno, kwa maana hiyo ni Mlatino.

Wala tusiwaite wote "wahamiaji". Mpiga kura ni raia. Wapuerto Rico, watu wa kisiwa kilicho chini ya Marekani, ni raia wa Marekani tangu 1917. Mmoja wao akihamia jimbo kama Pennsylvania, humchagua rais sawa na jirani yake. Mwaka 2024 Walatino wenye sifa ya kupiga kura walikadiriwa kufikia milioni 36. Umma mkubwa hivyo tuuite kwa jina lake.