Barabara za Kwenda Tabora, Januari 1958

Vitabu vyetu vya historia huwafikisha wajumbe Tabora kwa sentensi moja. Wajumbe wa TANU "walikutana" Januari 1958, kisha tunaingizwa moja kwa moja ukumbini: je, chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, au kisusie? Nimekuwa nikiandika tasnifu kuhusu mikutano ya miaka hiyo, na kinachonisumbua ni hilo neno "walikutana". Walikutanaje?

Tabora palifikika tangu zamani, kwa gharama. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, ambayo ni Tabora hiyohiyo, Novemba. Walifuata njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wanaijua vizuri kabla yao. Wajerumani walipojenga reli ya kati hawakwenda mbali na njia ile. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza, likakamilika 1928. Kwa hiyo mjumbe wa Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma au Kigoma alikata tiketi, akabeba chakula chake na kukaa daraja la tatu kwenye benchi la mbao. Zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, lakini treni ni moja.

Mwanza nako ilikuwa treni moja, na hapa ramani ya reli na ramani ya siasa zinagongana. Serikali ilikuwa imezuia matawi ya TANU Usukumani tangu 1954. Mtu wa huko aliweza kusafiri bila kubadilisha treni kwenda kwenye mkutano wa chama ambacho nyumbani kwake kilikuwa marufuku.

Sasa mtazame mjumbe wa Moshi. Kwake reli ilikuwepo, tena ya siku nyingi, lakini ilimpeleka Tanga. Reli ya Tanga na reli ya kati hazikuunganishwa hadi 1963, uhuru ukiwa tayari umepatikana. Kila moja ilijengwa kushusha mazao bandarini kwake. Nani alifikiri kwamba siku moja Mchaga na Mnyamwezi wangekuwa na la kujadili? Mjumbe huyo ilimbidi apande basi hadi aipate reli ya kati.

Wa Songea alikuwa na kazi zaidi. Hakuwa na reli kabisa. Ni lori au basi hadi Njombe, kisha Iringa, kisha kuteremka kwenda Dodoma kudandia treni, na Januari ni mvua tupu nyanda za kusini. Anayejua lori la mizigo likinasa kwenye udongo mwekundu hahitaji kuelezwa. Ndege zilikuwepo, lakini hizo zilikuwa za maofisa na wenye mashamba ya mkonge.

Nayataja haya kwa sababu mkutano ule haukuwa mwepesi. Wengi walifika wakiwa wamekwisha amua kususia, na Nyerere, aliyeijua Tabora tangu alipoingia shuleni hapo 1937, alihitaji siku kadhaa za mjadala kuwageuza. Katika mkutano wa kukaa nusu siku na kurudi nyumbani, sidhani kama angeweza. Ugumu wa safari ulimpa muda: aliyesafiri siku nne haondoki baada ya hotuba ya kwanza. Zuberi Mtemvu hakukubali hata hivyo, akajitoa na kuanzisha ANC.

Wenzake walirudi walikotoka na kitu cha kueleza. Ili upige kura ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Wanachama wengi waliochanga senti zao za nauli hawakuwa na hata kimoja. Huyo wa Songea alishuka Dodoma, akapanda basi la Iringa, akatafuta lori la Njombe, na njia nzima alikuwa na maneno ya kupanga: jinsi ya kuwaambia waliomtuma kwamba chama kimekubali kura ambayo wao hawataipiga, tena kwa kuwachagua Mzungu na Mwasia.