Swordquest

Swordquest ni mfululizo wa michezo ya video ya mashine ya Atari 2600, uliotengenezwa na kampuni ya Atari ya Marekani sambamba na shindano la zawadi. Michezo ilipangwa iwe 4. EarthWorld ilitoka 1982 na FireWorld 1983, kisha WaterWorld kwa nakala chache. AirWorld haikukamilishwa.

Uchezaji na mafumbo

EarthWorld ina vyumba 12 vya buruji, Hamali hadi Hutu. Mchezaji huokota vitu chumba hiki na kuviacha kile. Akipatia, skrini humwonyesha namba za ukurasa na picha katika kijitabu cha katuni kilichouzwa pamoja na mchezo. Humo, ndani ya mchoro, limefichwa neno. Maneno yalikuwa 10, lakini ya kweli ni 5 tu: yale ya kurasa zenye namba tasa. Ni fumbo lililosukwa kwa ustadi mkubwa, na wengi walinaswa hapo. Ni washiriki 8 tu waliotuma jibu sahihi.

FireWorld ilifuata mpangilio wa Mti wa Uhai wa Kabbala, WaterWorld ikafuata ule wa chakra 7.

Katuni

Vijitabu vilichapishwa na DC Comics, ambayo pamoja na Atari ilimilikiwa na Warner Communications. Hadithi ya mapacha Torr na Tarra iliandikwa na Roy Thomas na Gerry Conway, ikachorwa na George Pérez. Michoro yake ni mizuri kuliko chochote ambacho mashine ile ingeweza kuonyesha.

Zawadi

Thamani ya zawadi zote za shindano kwa jumla ilikuwa dola 150,000. Zawadi 4 za mwanzo, yaani hirizi, kikombe, taji na jiwe la mwanafalsafa, zilikadiriwa dola 25,000 kila moja, na upanga wa mwisho dola 50,000. Hirizi ilikuwa ya dhahabu ya karati 18, imepambwa kwa almasi 12 na mawe ya buruji. Ilichukuliwa mwaka 1983 na mshindi wa EarthWorld, kijana wa Detroit. Kikombe kilikwenda kwa mshindi wa FireWorld, wa South Carolina.

Kusitishwa

Soko la michezo ya video la Marekani liliporomoka 1983. Mwaka uliofuata Warner iliuza kitengo cha Atari cha bidhaa za nyumbani kwa mfanyabiashara Jack Tramiel, na shindano likafutwa. Upanga haukupata mshindi, jambo la kusikitisha kwa vijana waliokuwa wamekesha wakifumbua mafumbo.

Baadaye

Mwaka 2022 studio ya Digital Eclipse ilitengeneza AirWorld mpya ndani ya mkusanyiko wa Atari 50.