Jongoo Bahari: Dawa ya Sufuriani na Sumu ya Ngozini

Februari 1803, nahodha Matthew Flinders alikuwa akiizunguka Australia na kuchora ramani ya pwani zake kwa niaba ya Uingereza. Kaskazini, katika nchi ya Arnhem, alikuta vyombo sita vya matanga vimetia nanga, akahofu ni maharamia. Kumbe walikuwa wavuvi kutoka Makassar, kisiwani Sulawesi. Mkuu wao alikuwa mzee mfupi aliyeitwa Pobassoo, na mpishi Mmalay wa Flinders ndiye aliyefanya kazi ya ukalimani.

Pobassoo alieleza kwamba vyombo vyao vilivyotawanyika pwani hiyo vilifika 60, vikiwa na watu wapatao 1,000. Waliongozwa na dira ndogo ya mfukoni, ramani hawana, na maji ya kunywa ya mwezi mzima waliyabeba ndani ya mianzi. Goti lake lilikuwa limewahi kupigwa mkuki na wenyeji wa pwani hiyo. Taabu yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya jongoo bahari, mnyama wa sakafu ya bahari.

Pobassoo alimweleza Flinders pia jinsi jongoo anavyoandaliwa. Jongoo hupasuliwa ubavuni, huchemshwa, kisha hukandamizwa kwa mawe. Baada ya hapo hutanuliwa kwa vijiti vya mianzi, huanikwa juani, halafu hukaushwa kwa moshi. Hata akishatiwa gunia, lazima atolewe juani mara kwa mara asije akaoza. Majongoo 1,000 makavu yalifanya pikuli moja, kipimo cha uzito, na pikuli 100 ndizo shehena ya chombo kimoja. Yaani majongoo laki moja kwa kila chombo; vyombo vyote 60 vikijaa, ni milioni sita kwa msimu mmoja.

Walaji walikuwa China. Mwanzoni mwa karne ya 17 mwandishi Xie Zhaozhe alikwisha kuandika kwamba jongoo wa pwani ya Liaodong hupasha mwili joto na kuujenga, kiasi cha kushindana na mzizi wa jinsengi. Mwaka 1757 kitabu cha dawa cha Wu Yiluo kikamtaja kama kitu cha kuimarisha figo na nguvu za kiume. Katika utabibu wa Kichina, figo ndizo ghala la uhai wa mtu, kwa hiyo supu ya jongoo ilipikiwa wazee, waliodhoofika na waliotoka ugonjwani. Bahari ya China peke yake haikuweza kuwatosheleza walaji wote hao, na ndiyo maana watu wa Makassar walifika mbali vile.

Walikuja na upepo wa msimu wa Desemba, wakarudi upepo ulipogeuka. Pwani nzima wameacha mikwaju iliyoota kutokana na kokwa za vyakula vyao, na katika lugha za Wayolngu, wenyeji wa huko, wameacha maneno kama rrupiya, yaani fedha. Safari hizo zilikoma baada ya msimu wa 1906–07, serikali ya Australia Kusini ilipokataa kuwapa leseni tena.

Biashara yenyewe haikukoma. Pwani ya Afrika Mashariki nayo imeuza majongoo yake China kwa vizazi, ingawa kwetu hakuna anayempika. Aina kama jongoo mchanga na pauni mweupe walivuliwa mpaka wakaadimika, na mwaka 2003 Tanzania Bara ikapiga marufuku uvuvi wa majongoo bahari. Mnyama huyu huchuja mchanga na kuusafisha, na anapokwisha, sakafu ya bahari nayo hudhoofika. Kwangu mimi hiyo ni bei kubwa mno kwa supu.

Je, dawa imo kweli? Nyama kavu ya jongoo ina protini nyingi na mafuta kidogo, lakini sehemu kubwa ya protini hiyo ni kolajeni, ambayo peke yake haiutoshi mwili. Ni chakula kizuri, basi. Chenye nguvu hasa ni sumu ya ngozini. Wavuvi wa Guam walimponda jongoo mweusi na kumwaga maji yake kwenye vidimbwi vya miambani ili samaki walewe. Mwaka 1952 mtafiti Ross Nigrelli wa New York aliichunguza sumu ya jongoo wa Bahamas, akaiita holothurini, akaijaribu kwa panya wenye uvimbe wa saratani. Mwaka 1969 Shimada wa Japani akaeleza sumu ya jamii hiyohiyo inayoua kuvu. Lakini holothurini hupasua chembe nyekundu za damu, na sehemu yake kubwa humwagwa pamoja na maji ya kuchemshia. Anayekunywa supu hanywi alichokijaribu Nigrelli, na hadi leo hakuna hospitali inayotibu saratani kwa jongoo bahari.

Tumaini ninaloliona zito zaidi lilitoka Rio de Janeiro mwaka 1988, watafiti Vieira na Mourão walipoeleza aina isiyo ya kawaida ya kemikali iitwayo kondroitini katika ngozi ya jongoo. Kondroitini hii huzuia damu kuganda, kazi ambayo hospitalini hufanywa na heparini, na heparini nyingi hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Kondroitini ya jongoo ikiwa nzima huleta madhara, hata shinikizo la damu kushuka ghafla, kwa hiyo watafiti sasa huikatakata iwe vipande vidogo na kuvipima kimoja kimoja.