Dunstanburgh: Ngome Iliyojengwa Itazamwe

Mwaka 2029 ngome ya Dunstanburgh, kwenye pwani ya Northumberland kaskazini mashariki mwa Uingereza, itatimiza miaka 100 tangu ikabidhiwe serikali iitunze kwa ajili ya umma. Aliyeikabidhi, Sir Arthur Sutherland, alikuwa tajiri wa meli wa Newcastle. Ni rahisi kulichukulia tendo lile kama maziko ya heshima: jengo la vita limekwisha kazi, basi lipewe mlinzi na kibao cha maelezo. Nadhani hesabu hiyo imegeuzwa juu chini. Kama chombo cha vita Dunstanburgh haikufua dafu hata ilipokuwa nzima. Kazi iliyojengewa hasa ilikuwa kuonekana, na kazi hiyo inaifanya mpaka leo.

Tuanze na mjenzi. Thomas wa Lancaster, binamu wa Mfalme Edward II na kabaila mwenye nguvu kuliko wote nchini, alianza kujenga mwaka 1313. Mwaka mmoja nyuma alikuwa na mkono katika kuuawa kwa Piers Gaveston, kipenzi cha mfalme. Kibali cha kifalme cha kuweka ngome kilikuja mwaka 1315, kazi ikiwa imeshika kasi. Mtu anayetaka kuzuia jeshi hujenga penye njia ya jeshi; Thomas alichagua rasi ya mwamba mweusi, mbali na barabara kuu ya kwenda Uskochi, akaiwekea lango la ghorofa tatu lenye minara miwili ya mviringo, kubwa kupita mahitaji ya mlango. Uchunguzi wa wanaakiolojia katika ardhi inayoizunguka umeonyesha pia kwamba mabwawa ya upande wa bara yalitengenezwa na watu, hata mgeni aliyekaribia aliona minara ikisimama juu ya maji. Maji yale yalimchelewesha adui, sikatai, lakini yalimwonyesha mgeni ukubwa wa mwenye nyumba.

Wapo watakaouliza: na Waskoti je? Mwaka 1314 walimshinda Edward kule Bannockburn, kisha wakavamia kaskazini mara kwa mara, na ua wa Dunstanburgh, wa zaidi ya hekta nne, ungetosha wanavijiji pamoja na mifugo yao. Hoja hii ina uzito, ila msingi ulichimbwa kabla ya Bannockburn, na hifadhi ya wanyonge haihitaji lango la fahari. Thomas mwenyewe haikumfaa kitu: Machi 1322 alishindwa vitani Boroughbridge, na siku chache baadaye akakatwa kichwa Pontefract. Ushahidi mzito zaidi umetoka kwa John wa Gaunt, mwana wa Edward III, aliyeimiliki miaka ya 1380. Huyu aliufikiria mpaka wa Uskochi kwa macho ya askari, na alichofanya ni kuiziba njia ya lango kuu, akaligeuza makazi, kisha akafungua lango jingine pembeni. Katika vita vya kugombea taji kati ya Lancaster na York, nayo historia haikuwa ya kishujaa sana: Desemba 1462 walinzi walisalimu amri kwa masharti, na kufikia 1464 ngome ilikuwa imebadilisha mikono zaidi ya mara moja.

Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII aliarifiwa kwamba ni gofu. Miaka 260 baadaye J. M. W. Turner alionyesha London picha yake ya magofu hayo wakati wa macheo, baada ya usiku wa dhoruba. Leo ni mali ya National Trust tangu 1961, na inaendeshwa na English Heritage. Magari ya wageni hayafiki. Watu hutembea karibu kilomita mbili kutoka kijiji cha wavuvi cha Craster, bahari ikiwa kulia, minara ikikua mbele yao. Atakayedai kwamba hicho si alichokikusudia Thomas ana haki nusu: kuta zimebomoka, na sehemu kubwa ya mabwawa imebaki vibonde vyenye matope. Kwa hiyo, ikiwa maadhimisho ya 2029 yatapata fedha, ningependa zitumike kurudisha maji kabla ya kugusa jiwe lolote.